Jina jipya baada ya ndoa Marekani: lipi hukubaliwa, na kadi ipi itangulie

Kubadili jina kwa sababu ya ndoa si lazima Marekani. Mwanamke wa Kiislamu anayebaki na jina la baba yake, kama ilivyo desturi, havunji sheria yoyote, wala maombi yake ya uhamiaji hayadhoofiki. Anayeamua kubaki nalo amejiokolea kazi yote inayofuata hapa.

Anayebadili, aanze kwa kuliandika jina jipya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Majina yetu ni mnyororo wa mtu, baba na babu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tuchukue jina la kubuni: Asha Juma Salum ameolewa na Hamisi Bakari Mfaume. Nyumbani watu wataanza kumwita Asha Hamisi, na hakuna atakayeshangaa. Social Security, ofisi ya serikali inayotoa namba ya hifadhi ya jamii, kwa kawaida itakataa. Kwao Hamisi ni jina la kwanza la mume, na kwa kawaida cheti cha ndoa humpa mtu jina la mwisho la mwenzake tu. Kwa hiyo Asha anaweza kuwa Mfaume, au Salum-Mfaume, au Salum Mfaume bila kistari. Akitaka Hamisi, kwa kawaida ni amri ya mahakama. Jina la katikati, Juma, Social Security hailihesabu kuwa sehemu ya jina la kisheria, lakini kwenye fomu za USCIS, idara ya uhamiaji, liandike lote bila kulikata, kama lilivyo kwenye pasipoti.

Baadhi ya majimbo, California na New York yakiwamo, huuliza jina jipya kwenye maombi ya leseni ya ndoa, kabla ya harusi. Ukiliacha tupu California, baada ya ndoa huwezi kurudi kuliongeza kwa karani. Itabidi uliombe mahakamani.

Kisha cheti chenyewe. Karatasi nzuri yenye maua unayopewa siku ya harusi ni kumbukumbu tu. Kinachotakiwa ni nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa karani wa kaunti au ofisi ya vizazi na vifo ya jimbo. Fotokopi iliyogongwa muhuri na mthibitishaji wa mtaani haifai Social Security. Chukua nakala tatu kwa mkupuo mmoja, maana moja itakuwa kwenye posta wakati nyingine inahitajika dirishani. Kama mlifunga ndoa nyumbani na cheti ni cha Kiswahili, USCIS inataka tafsiri kamili ya Kiingereza, mihuri ikiwamo, na tamko lililosainiwa na mfasiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Usijitafsirie mwenyewe.

Sasa mpangilio. Raia huanzia Social Security. Kwa mhamiaji ushauri wangu ni kadi ya uhamiaji, yaani grini kadi ya ukaazi wa kudumu, kwanza, kwa sababu Social Security haitoi kadi kabla ya kuhakiki hadhi yako kwenye mfumo wa uhamiaji, na majina yakipishana unaambiwa usubiri. Wakati rahisi kuliko wote ni unapojaza I-485, fomu ya kuomba grini kadi ukiwa Marekani: andika jina jipya kama jina lako la sasa, la zamani liweke kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, ambatanisha cheti, na grini kadi itatoka na jina jipya. Kuacha wazi sehemu ya majina mengine ndilo kosa ninaloliona mara nyingi, na huzaa barua ya kuomba ushahidi wa ziada. Aliyekwisha pata grini kadi anatumia I-90, fomu ya kubadilishiwa kadi.

Angalizo hapa. Kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku ulipopewa ukaazi, kadi yako ni ya miaka 2 na ina masharti. I-90 inaweza kukubadilishia jina kwenye kadi hiyo, lakini haiondoi masharti. Kazi hiyo ni ya fomu I-751, inayopelekwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Ikiwa imebaki miezi michache, ngoja ubadili jina humo humo kwenye I-751, usilipe mara mbili.

Ukihamia kwa mwenzako, anwani mpya iripoti USCIS ndani ya siku 10. Usiitegemee posta ikuhamishie grini kadi.

Social Security ni fomu SS-5, cheti halisi na kadi ya uhamiaji. Hakuna ada, na namba haibadiliki. Kama kadi yako ya zamani ina maneno yanayozuia kazi bila idhini ya uhamiaji, omba yaondolewe siku hiyo hiyo, maana sasa una grini kadi.

Leseni ya udereva isubiri siku moja au mbili, kwa sababu DMV, ofisi ya leseni ya jimbo, hulinganisha jina na kumbukumbu za Social Security papo hapo. Kwa leseni ya REAL ID, ile inayokubaliwa kupanda ndege za ndani, utaonyesha kila karatasi iliyokutoa jina la kwanza hadi la sasa. Aliyeolewa mara mbili abebe vyeti vyote. Mwajiri mwambie baada ya Social Security, la sivyo W-2, fomu ya mshahara wako wa mwaka, na kumbukumbu za Social Security zitapishana na marejesho ya kodi yatachelewa.

Pasipoti ya nyumbani itabaki na jina la zamani mpaka ubalozi uibadilishe. Hadi wakati huo, kata tiketi kwa jina la pasipoti na usafiri na nakala ya cheti.

Na yule anayelitaka jina la Asha Hamisi? Mwenza wa raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi, na fomu N-400 ina sehemu ya kuomba jina jipya lolote, ambalo jaji hulitamka siku ya kiapo, kikifanyika mahakamani, bila kesi tofauti. Mkenya anaweza kubaki na uraia wake wa nyumbani. Mtanzania hawezi, kwa hiyo kabla ya kulipia jina jipya kwenye pasipoti ya Tanzania apige hesabu ya miaka aliyobakiza kabla ya uraia wa Marekani.