Je, wajua kwa nini injini yenye nguvu zaidi huweza kulipunguzia kasi lori la zamani la jeshi?

Chukua Dodge M37, lori dogo la jeshi la Marekani lililoundwa kuanzia 1951 hadi 1968. Injini yake ya petroli, T-245, ina silinda sita, ujazo wa lita 3.8 na nguvu farasi 78. Wengi wanaolifufua lori hili huing'oa na kupachika dizeli ya Cummins 4BT: silinda nne, lita 3.9, turbo, nguvu farasi 105. Nguvu imepanda kwa zaidi ya theluthi, lakini lori lililokuwa likikaribia kilomita 90 kwa saa sasa linagota kwenye 70. Fundi anailaumu pampu ya dizeli, kumbe pampu haina kosa.

Piga hesabu. Tairi la 9.00-16 likizunguka mara moja, lori husogea karibu mita 2.7. Difu za M37 zina uwiano wa 5.83, yaani propela shafti huzunguka mara 5.83 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gia ya nne, ya juu kabisa, na gia kubwa ya transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) hazibadilishi kitu, ni moja kwa moja. Kwa hiyo zidisha mizunguko ya injini kwa dakika mara 2.7, kisha mara 60, halafu gawanya kwa 5,830, yaani 5.83 mara mita 1,000 za kilomita. Petroli ya zamani kwenye mizunguko 3,200 inakupa kilomita 89 kwa saa. Kwenye 4BT gavana, kidhibiti cha mizunguko kilicho kwenye pampu ya dizeli, hubana mafuta karibu na mizunguko 2,500, nayo hiyo ni kilomita 69.5 tu.

Wapo wanaokaza springi ya gavana ili injini ifike 3,200. Si dawa nzuri. Dizeli hii hutoa msukumo wake mkubwa, karibu Nm 360, kwenye mizunguko 1,600. Kuikimbiza safari nzima kwa mizunguko maradufu ya hiyo ni kununua kelele, mtikisiko na moshi. Injini ya mizunguko ya chini inataka gia ndefu, kwa hiyo injini na giaboksi huchaguliwa pamoja, siku moja, kwenye karatasi moja.

Giaboksi inayofaa hapa ni NV4500, ya gia tano, iliyokuwa ikifungwa kwenye pikapu nzito za Chevrolet na Dodge. Gia yake ya tano ni karibu 0.73: injini huzunguka chini ya mara moja kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Rudia hesabu na ugawanye tena kwa 0.73. Mizunguko 2,100 inakupa kilomita 80 kwa saa, injini ikiwa imetulia. Njia nyingine ni kubadili gia za ndani ya difu, za mbele na za nyuma kwa pamoja, kutoka 5.83 hadi 4.89. Hapo giaboksi ya zamani inabaki na kasi inafika karibu kilomita 83, ila unapoteza sehemu ya nguvu ya kupanda mlima ukiwa na mzigo. Usifanye yote mawili. Utapata lori linaloweza kupita kilomita 110 kwa saa huku breki na usukani wake ni vya 1951.

Vipi chaguo nyingine? Giaboksi otomatiki ya TH400 ina gia tatu na ya juu ni moja kwa moja, hivyo haikuongezei chochote nyuma ya dizeli. Cummins 6BT ya silinda sita ina karibu nusu tani. Springi za mbele za M37 hazikuwekwa kwa uzito huo. 4BT ina karibu kilo 340.

Sasa ufungaji. Sahani ya kuunganisha injini na giaboksi lazima ikae katikati kabisa. Funga geji ya saa (kipimo chenye mshale kama wa saa) kwenye flaiwili, zungusha injini kwa mkono, na usome mdomo wa ganda la klachi: tofauti isizidi milimita 0.13. Ikizidi, beringi ya mbele ya giaboksi itakufa mapema, na klachi haitaachia vizuri hata ubadilishe sahani mara ngapi. Transfa ya M37 imekaa peke yake kwenye chesisi, ikiunganishwa na giaboksi kwa propela fupi. NV4500 ni ndefu kuliko giaboksi asilia, hivyo propela hiyo hufupika zaidi na pembe ya krosi zake, yaani viungo vya ncha zake, huongezeka. Sogeza transfa nyuma kabla ya kuchomelea chochote, kisha upime upya propela zote mbili ndefu.

4BT haina shafti za kusawazisha, kwa hiyo hutikisika sana ikiwa haijapashwa. Tumia maunti za raba laini, kamwe si chuma kwa chuma. Mtikisiko huohuo ndio adui wa nati ya gia ya tano kwenye NV4500 za Dodge: hulegea, gia inateleza kwenye shafti, na gia ya tano inapotea ghafla. Weka nati yenye kufuli giaboksi ikiwa bado mezani. Oili yake ni sintetiki ya GL-4, karibu lita 3.8; nyingi za GL-5 huharibu sinkronaiza, pete zinazolainisha ubadilishaji wa gia. Fungua pia kava la mbele la injini na uzuie ile pini ndogo ya chuma kwenye nyumba ya gia za taimingi kwa kibati kinachoshikwa na bolti ya jirani. Ikichomoka yenyewe na kuangukia kwenye gia, injini imekwisha.

Umeme wa M37 ni wa volti 24. Stata, altaneta na swichi ya kukata mafuta kwenye pampu ni lazima zilingane nao, la sivyo badili lori zima liwe la volti 12.

Mwisho, breki. Dizeli haitengenezi utupu kwenye manifoldi, kwa hiyo busta ya kawaida, kifaa kinachoongezea nguvu pedali ya breki, haitafanya kazi bila pampu ya utupu. Kama unaweka usukani wa pawa, chukua busta inayosukumwa na pampu ileile ya usukani, na ubadili masta silinda ya njia moja kwa ya njia mbili, ili paipu moja ikipasuka magurudumu mawili yabaki na breki.