Siku ya Kujiachia: Keki Kula, Dawa Usiziguse

Kila anayejaribu kula vizuri hufika mahali akauliza: je, siku mojamoja naruhusiwa kula ninachokitamani? Swali lenyewe halina shida. Kinachotuletea wagonjwa kliniki ni hesabu wanazojipigia wenyewe kabla na baada ya kula: huyu kashinda njaa, yule kameza vidonge viwili badala ya kimoja, mwingine karuka sindano ya insulini. Hapa chini ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara. Moja nitalijibu zaidi ya mara moja, na nimekusudia.

Najitahidi kula vizuri. Naruhusiwa keki, chipsi au aiskrimu mara mojamoja?

Ndiyo. Afya yako inajengwa au kubomolewa na unachokula wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi. Kipande kimoja cha keki hakiwezi kuvuruga hayo.

Kama unapenda namba, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Ukiishia gramu 25, bora zaidi. Sasa kopo moja la soda ya kola, lile la mililita 330, lina takriban gramu 35. Soda hiyo siku ya sherehe haina neno. Soda hiyohiyo kila mchana ni jambo jingine, hata ukisema unajipongeza kwa kazi.

Mara mojamoja ndiyo mara ngapi?

Namba moja inayomfaa kila mtu sina. Kipimo changu ni hiki: ukiulizwa mara ya mwisho ilikuwa lini na ulikula nini, unakumbuka bila kubabaika? Basi bado ni mara mojamoja. Wengi wananijibu "wiki iliyopita", halafu tukianza kuipitia jana yao saa kwa saa zinatokea biskuti za ofisini, vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe, na chakula alichobakiza mtoto, mama akakimalizia akiwa amesimama jikoni. Vyote hivyo, wanasema, "havihesabiki". Vinahesabika.

Si bora nijikataze kabisa, niondokane na kishawishi?

Wachache wanaweza. Wengi hujikaza siku kadhaa, kisha wanavunjika na kula kwa usiku mmoja kile ambacho wangekula kwa mwezi. Hilo si udhaifu wa tabia, ni mwili unavyojilinda na njaa. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa karibu miezi sita. Wakawa hawawazi wala hawazungumzi kingine isipokuwa chakula. Walilamba sahani, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula hadi wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Kwa hiyo ukiona unaota chakula, huenda unajibana kupita kiasi.

Nikishinda njaa mchana ili nijiachie jioni, si nitakuwa nimefidia?

Hapana. Utafika mezani jioni na njaa ya kutetemeka, utakula haraka, na utapita shibe kabla tumbo halijakuambia. Kula asubuhi na mchana kama kawaida: mboga, kunde au samaki, tunda. Kisha jioni kula hicho unachokitamani, kwenye sahani, ukiwa umekaa, na usile moja kwa moja kutoka kwenye pakiti.

Hapo nimemjibu mtu mzima asiyetumia dawa yoyote. Kama unatumia insulini, glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au dawa nyingine ya kundi hilo, kushinda njaa ni hatari. Dawa itaendelea kushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu.

Nina kisukari. Nikila keki, niongeze kidonge kimoja?

Hapana. Hapana kabisa.

Hili ndilo swali ambalo wengi hawaliulizi. Wanatenda kwanza, tunakuja kulisikia baadaye kwa ndugu aliyemleta mgonjwa. Kidonge cha metformini hakiifuti keki uliyokula jioni. Ukikizidisha, utakachopata ni kichefuchefu na kuharisha. Glibenklamidi ni mbaya zaidi. Keki itakwisha mwilini, sukari yake itashuka, na kidonge cha ziada kitakuwa bado kinafanya kazi usiku wa manane, umelala, hakuna anayekuangalia. Asubuhi unakutwa umelowa jasho, unaongea maneno yasiyoeleweka, na walio karibu wanadhani umelewa.

Insulini nayo vilevile. Usiiongeze kwa kukisia. Wapo wagonjwa waliofundishwa na kliniki zao kupanga dozi kulingana na chakula watakachokula, nao wanajijua. Kama hukufundishwa, wewe si mmoja wao, hata kama jirani yako anafanya hivyo.

Na nikiruka sindano siku moja, maana leo nimekula kidogo?

Hapana. Dozi haibadilishwi nyumbani kwa kukisia, iwe ni kuongeza au kupunguza. Kama kweli huwezi kula, kwa sababu unaumwa au unatapika, piga simu kliniki au nenda ukaulize siku hiyohiyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake inaweza kuanza kujaa tindikali ndani ya siku moja. Wapo pia vijana wanaoruka sindano kwa makusudi ili wapungue uzito. Wanapungua kweli, kwa sababu mwili unajitafuna wenyewe, na baadhi yao huishia chumba cha wagonjwa mahututi. Mzazi ukiona mtoto anakonda, ana kiu isiyoisha, na kalamu ya insulini haipungui dawa, usisubiri siku ya kliniki.

Nimebadilisha chakula, sukari na presha vimekuwa vizuri. Si ninaweza kuacha dawa sasa?

Swali lilelile kwa sura nyingine. Jibu lilelile: hapana, usiache mwenyewe. Hongera kwa namba, nazo zimekuwa nzuri kwa chakula na dawa kwa pamoja. Ikiwa zimeshuka sana dozi hupunguzwa, na hata mimi hufurahi kuipunguza, lakini tunafanya hivyo tukiwa na vipimo mbele yetu. Presha hasa haina adabu ya kukuonya. Unaacha vidonge, unajisikia mzima, na kumbe inapanda taratibu.

Nitajuaje kwamba sukari imeshuka, na nifanye nini?

Jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuona ukungu, kuchanganyikiwa. Ukiwa na mashine, pima: chini ya 3.9 (au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu) imeshuka. Huna mashine? Usipoteze muda kuitafuta.

Kunywa kitu chenye sukari ya kweli: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii hapa. Chokoleti nayo inachelewa, kwa sababu mafuta yake yanazuia sukari kuingia haraka. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikikaa sawa, kula chakula.

Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Si maji, si asali. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na aliyezidisha glibenklamidi apelekwe hata kama amezinduka na anaongea vizuri, maana sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Na ikipanda? Nilikula sana jana, sasa nina kiu na nakojoa kila mara. Si nisubiri itulie?

Kama ni kiu tu na huna dalili nyingine, kunywa maji, kula chakula chako cha kawaida, tumia dawa zako kama zilivyoandikwa na uendelee kupima. Ikibaki juu kesho yake, njoo.

Lakini kiu pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, au usingizi usio wa kawaida: hospitali, sasa hivi. Usisubiri asubuhi. Usisubiri mtu arudi kutoka kazini. Ninaloumia zaidi kuliko yote ni kusikia "tulidhani ni chakula kimemkataa", tena kutoka kwa watu waliokesha naye usiku mzima wakimpa maji ya limau. Mwenye kisukari anayetapika anapelekwa hospitali, hata kama jana alikula karamu.

Sina kisukari, nina presha. Keki hainihusu?

Keki si sana, chumvi ndiyo yako. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji na chipsi za pakiti. Mara moja moja mtu wa presha anaweza kuvuka.

Aliyeambiwa moyo wake umechoka au figo zake zimeshindwa, huyo hana siku ya kujiachia kwa chumvi. Mlo mmoja wenye chumvi nyingi unaweza kumjaza maji. Miguu ikivimba, uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, au ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, nenda hospitali usiku huohuo.

Pombe nayo naihesabu kama kujiachia?

Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, pombe juu ya tumbo tupu ni njia fupi ya sukari kushuka. Ini likiwa linashughulika na pombe haliachii sukari lililoihifadhi. Tena dalili zinafanana na ulevi, kwa hiyo wenzako watakuacha ulale. Mwulize daktari wako kama unaruhusiwa. Kama unaruhusiwa, usinywe bila kula, na awepo mtu anayejua una kisukari.

Nikishakula sana, nikijitapisha au nikinywa dawa ya kuharisha, si itatoka?

Dawa ya kuharisha inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu nyingi za chakula zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanavurugika. Kujitapisha nako kunaleta hilohilo, kisha tindikali ya tumbo inakula meno. Ukijikuta unafanya hivi, hata kama ni mara chache, hilo ni tatizo la kiafya lenye matibabu. Njoo tuzungumze. Hutasemwa.

Nilijiachia Jumamosi, Jumapili mizani ikapanda kilo moja na nusu!

Ni maji. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kilokalori 7,700, na kipande cha keki kina kama 300 hadi 400. Huwezi kuongeza mafuta kilo moja na nusu kwa mlo mmoja hata ukijaribu. Chumvi inashika maji, na wanga unaohifadhiwa mwilini unakaa na maji yake. Kula kawaida, itashuka baada ya siku chache. Mwenye ugonjwa wa moyo asijifariji kwa jibu hili, arudi kusoma lile la chumvi.

Nikianza siwezi kuacha. Nakula peke yangu, kwa siri, hadi tumbo linauma.

Basi usiite kujiachia. Ikitokea kila wiki kwa miezi kadhaa, na ukajisikia umeshindwa kujizuia, huo ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Kujibana zaidi huuchochea. Mwambie mhudumu wa afya waziwazi, kama ulivyoniandikia hapa.

Siku nikila ovyo naruka kupima, nisiharibu daftari. Kuna ubaya?

Daftari kama hilo nalitambua nikiwa bado naligeuza mkononi. Jumatatu hadi Ijumaa namba zimepangwa vizuri, Jumamosi na Jumapili nafasi tupu, kisha namba moja nzuri ya asubuhi ya kliniki, imeandikwa kwa kalamu mpya. Kwa daftari hilo nitakuacha kwenye dozi isiyokutosha, au nitakuongezea dozi kwa sababu kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu kinapingana na ulichoandika, halafu sukari ishuke katikati ya wiki. Pima saa mbili baada ya keki. Ikisoma 14, andika 14, na pembeni uandike "keki". Hayo mawili yananisaidia kuliko kurasa tatu za namba nzuri.