Neno dependence halikuanza na maana ya unyonge

Wengi wanaojifunza Kiingereza huamini kwamba neno dependence (utegemezi) lilimaanisha unyonge au uraibu tangu mwanzo. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ndivyo neno hilo linavyosikika zaidi leo katika habari za dawa za kulevya na za nchi zinazoishi kwa misaada. Hata hivyo, asili yake ni kitenzi cha Kilatini dependere, yaani kuning'inia, kilichofika katika Kiingereza kupitia Kifaransa. Kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya Samuel Johnson, iliyochapishwa London mwaka 1755, bado ilitanguliza maana ya kitu kuning'inia kwenye kinachokishikilia, kisha ikataja uhusiano wa jambo na jambo, kuwa chini ya mamlaka ya mwingine, na pia kumtumaini mtu, maana ambayo kwa kweli ni ya heshima. Maana ya kitabibu ilipata nguvu baadaye sana, hasa baada ya wataalamu wa afya wa kimataifa kupendekeza neno hilo rasmi mwaka 1964. Na hata hapo, mgonjwa ambaye mwili wake umezoea dawa aliyoandikiwa na daktari si lazima awe mraibu.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kusoma nakala ya kamusi hiyo bure mtandaoni, kisha ailinganishe na kamusi ya kihistoria, ile inayoambatanisha kila maana na mfano wenye mwaka wake.