Muswada uko wapi? Swali la upinzani Uganda ambalo serikali haipendi kulijibu

Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Juu ya Uganda ilitupilia mbali kesi ya Amama Mbabazi, waziri mkuu wa zamani aliyepinga ushindi wa Rais Yoweri Museveni katika uchaguzi wa Februari mwaka huo. Magazeti mengi yaliishia hapo. Sisi ambao kazi yetu ni kufuatilia utungaji wa sheria tulisubiri hukumu kamili, iliyotoka mwezi Agosti, kwa sababu humo majaji walitoa mapendekezo kumi kuhusu sheria za uchaguzi. Kisha wakafanya jambo ambalo mahakama hulifanya kwa nadra: walimwagiza Mwanasheria Mkuu wa Serikali afuatilie utekelezaji na arudi kutoa taarifa ndani ya miaka miwili.

Mapendekezo yenyewe yaligusa mambo mengi: muda wa kufungua na kuamua kesi ya urais, ushahidi wa mdomo badala ya kutegemea viapo vya maandishi tu, matumizi ya teknolojia kuwekewa sheria, vyombo vya habari vya umma kuwapa wagombea nafasi sawa, watumishi wa umma kukaa mbali na kampeni. Ila moja ndilo ninalolirudia kila ninapofundisha somo hili. Majaji walitaka mabadiliko ya sheria za uchaguzi yafanyike ndani ya miaka miwili tangu Bunge jipya lianze, ili yasije yakapitishwa mbiombio uchaguzi ukiwa mlangoni.

Pendekezo hilo linaonekana dogo, lakini mengine tisa yanalitegemea. Sheria ya uchaguzi haianzi kufanya kazi siku Rais anapoisaini. Tume ya Uchaguzi inapaswa kutunga kanuni, kuandika upya miongozo, kuwafundisha wasimamizi wa vituo na kuwaeleza wapiga kura. Vyama navyo vinapaswa kuandaa mawakala wanaojua kipi kimebadilika. Sheria nzuri ikifika imechelewa, kituoni watu watafuata mazoea ya zamani. Kwa hiyo mbunge wa upinzani anaposimama kuuliza muswada wa uchaguzi uko wapi, tusimwone kama mtu anayepiga kelele za kisiasa. Anatetea sheria yenyewe, kwa kuwa ikicheleweshwa vya kutosha ni sawa na kukataliwa, na hakuna aliyelazimika kusimama hadharani kuikataa.

Swali hilo liliulizwa sana katika Bunge la 10, la mwaka 2016 hadi 2021. Jibu lilikuwa lile ambalo msomaji wa kumbukumbu za mabunge yetu yote ya Afrika Mashariki analifahamu: mashauriano yanaendelea, wadau wanashirikishwa, muswada utaletwa karibuni. Wakati huohuo Raphael Magyezi, mbunge wa chama tawala cha NRM, alileta muswada binafsi wa kuondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Bunge lilimruhusu mwishoni mwa Septemba 2017, siku ambazo wabunge walipigana ukumbini na watu wa usalama wakaingia kuwatoa baadhi yao. Desemba 20 muswada ukapita kwa kura za wabunge zaidi ya 300. Kabla mwaka haujaisha Rais alikuwa ameshausaini. Haki isemwe: sheria hiyohiyo ilibeba mapendekezo machache ya mahakama, likiwemo la kuongeza muda wa kufungua kesi ya urais kutoka siku 10 hadi 15, na wa kuiamua kutoka siku 30 hadi 45. Mengi ya yaliyobaki yaliendelea kusubiri.

Hapa inafaa kueleza muswada hupita wapi kabla ya kuonekana, kwa maana huko ndiko unakopotelea. Wizara huandika waraka wa Baraza la Mawaziri wenye misingi ya sheria inayokusudiwa. Baraza likiridhia, waandishi wa sheria katika Wizara ya Sheria huandaa rasimu. Rasimu hurudi Barazani, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ndipo husomwa Bungeni mara ya kwanza na kupelekwa kwenye kamati, ambayo kwa kanuni ina siku 45 za kuleta taarifa. Hatua za Bungeni zina tarehe na kumbukumbu, mwananchi anaweza kuzifuata. Hatua za kabla ya hapo hufanyika nyuma ya milango iliyofungwa, na waziri anaposema muswada uko njiani anaweza kumaanisha yoyote kati ya hizo, hata waraka ambao haujaandikwa.

Halafu kuna cheti cha athari za kifedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka kila muswada uambatane na cheti cha waziri wa fedha kinachoonyesha utagharimu kiasi gani na fedha zitatoka wapi. Shabaha yake ni njema, kwani nchi haiwezi kutunga sheria isizoweza kuzigharamia. Tatizo ni kwamba ufunguo uko mikononi mwa serikali. Katiba, ibara ya 94, inampa mbunge yeyote haki ya kuleta muswada binafsi. Ibara ya 93 inazuia Bunge kushughulikia muswada unaobebesha hazina mzigo kama haukuletwa kwa niaba ya serikali. Mbunge wa upinzani aliyechoka kusubiri na kuamua kuandika muswada wake anajikuta anaomba cheti kwa serikali ileile anayoilaumu kwa kuchelewa. Sheria iliona hatari hiyo ikaweka kinga: siku 60 zikipita tangu cheti kiombwe bila kutolewa, kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Hiki ni moja ya vifungu bora kabisa nilivyoviona katika sheria za fedha za ukanda huu, na ninasikitika kwamba hakitajwi mara nyingi zaidi kwenye mijadala. Barua ya kuomba cheti, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, ina nguvu kuliko hotuba ya nusu saa.

Turudi kwenye mapendekezo. Miaka miwili ilipita. Mwaka 2019 maprofesa wawili wa sheria, Frederick Ssempebwa na Frederick Jjuuko, pamoja na shirika la Kituo cha Katiba, walirudi Mahakama ya Juu kulalamika kwamba agizo la 2016 halijatekelezwa. Julai mwaka huohuo serikali ikawasilisha miswada mitano kwa mpigo: ya uchaguzi wa rais, uchaguzi wa wabunge, Tume ya Uchaguzi, vyama vya siasa na serikali za mitaa. Bunge liliipitisha mapema 2020, Rais akaisaini Julai. Uchaguzi ulifanyika tarehe 14 Januari 2021. Hesabu miezi: sita. Pendekezo la kutosubiri mwisho lilitekelezwa mwishoni kabisa.

Bunge la 11 lilianza Mei 2021, kwa hiyo dirisha la miaka miwili lilifungwa Mei 2023. Ndani ya kipindi hicho Wizara ya Sheria ilipewa Norbert Mao, rais wa chama cha DP (Democratic Party), ambaye mwenyewe aligombea urais akiwa upinzani mwaka 2011 na 2021. Wengi tulitarajia kwamba mtu aliyeionja sheria hiyo akiwa mgombea angeiharakisha. Upinzani Bungeni, chini ya kiongozi wake Mathias Mpuuga, uliendelea kudai mageuzi ya uchaguzi, na dirisha likafungwa bila kifurushi cha mageuzi kuletwa.

Ukitaka kujua kama uwezo haukuwepo, angalia Mei 2025. Januari 31 mwaka huo Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua, katika kesi ya Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa upinzani, kwamba raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi kwa namna ilivyokuwa ikifanyika. Muswada wa kurekebisha sheria ya jeshi, unaoruhusu tena raia kushtakiwa huko katika mazingira fulani, uliwasilishwa Mei 13. Ukapitishwa Mei 20. Wiki moja, kamati ikiwa na haki ya siku 45.

Nakubali kwamba kuchelewa si hila siku zote. Waandishi wa sheria ni wachache, na mashauriano ya kweli huchukua muda. Sheria iliyoandikwa vibaya huishia mahakamani. Mimi mwenyewe ningelalamika kama mageuzi ya uchaguzi yangepitishwa kwa wiki moja. Lakini waziri anayetoa sababu hizi anapaswa kuonyesha kazi iliyofanyika: nani ameshauriwa, lini, na rasimu imefika kwa nani.

Upinzani nao una kasoro katika kuuliza, na hili nalisema kwa kuwa nalitakia swali lao mafanikio. "Muswada utaletwa lini?" ni swali linalompa waziri nafasi ya kujibu "karibuni" na kukaa. Muulize Baraza la Mawaziri liliridhia misingi ya muswada tarehe ngapi. Akisema bado, Bunge limejua hakuna chochote mezani. Akisema ndiyo, muulize waandishi wa sheria walipokea maelekezo lini, na cheti cha fedha kiliombwa lini. Waziri akishataja tarehe, imeingia kwenye kumbukumbu rasmi na kuwa ahadi. Bunge la Uganda lina kamati nzima ya kufuatilia ahadi za serikali, na kwa kanuni inaongozwa na upinzani. Nimeona maswali makali ya siku ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu yakitikisa ukumbi, kisha hakuna anayepeleka jibu kwenye kamati hiyo. Kutoka nje ya ukumbi kwa hasira kuna wakati wake, lakini kiti kilichoachwa wazi hakiulizi swali la nyongeza.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili mwaka 2019, miaka 14 baadaye.

Kwa Bunge la 12, miaka miwili inaanza kuhesabiwa 2026. Kama ningekuwa namwandalia mbunge wa upinzani swali la Alhamisi ya kwanza, ningeandika hivi: Je, Serikali inaweza kulieleza Bunge ni lipi kati ya mapendekezo kumi ya mwaka 2016 ambalo halijatekelezwa, misingi ya muswada wake imeridhiwa na Baraza la Mawaziri tarehe ngapi, na rasimu hiyo iko ofisi gani leo?