Msaada wa kampuni haurudi wote kupitia kodi

Wengi husema kampuni ikijenga darasa, ikichora kivuko mbele ya shule au ikikarabati jengo la kale, haijatoa kitu: fedha zote hurudi kwenye kodi. Si kweli. Katika nchi nyingi msaada unaokubalika kisheria hupunguza faida inayotozwa kodi, si kodi yenyewe. Kodi ikiwa asilimia 30, anayetoa 100 hupunguziwa 30. Zile 70 zimemtoka kabisa. Hata Ufaransa, inayokata kwenye kodi yenyewe, kiwango cha kawaida ni asilimia 60 ya msaada.

Kinachoniuma ni kwamba ubishi huu hutusahaulisha swali zito zaidi: rangi ya kile kivuko ikifutika na watoto bado wanavuka, nani ataipaka upya?