Mguu wa kisukari usiouma ndio wa kuchunguzwa

"Miguu hainiumi, ya nini kupimwa?" Kauli hii haikosekani kliniki za kisukari hapa Mombasa, Likoni hadi Kisauni, na imeshagharimu watu vidole na miguu. Kutouma si dalili ya uzima. Karibu nusu ya watu ambao kisukari kimewaharibia mishipa ya fahamu ya miguuni huenda wasiwe na dalili hata moja: nyayo haziwaki moto, hazichomi, wala ganzi hawaijui. Hisia zimewatoka kidogo kidogo kwa miaka, wenyewe hawana habari.

Uharibifu huanzia vidoleni kwa sababu mishipa inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote. Mtu anatembea na champali, inamvuka, naye anaenda hatua tano sita bila kujua mpaka aambiwe. Anakanyaga sakafu ya uani saa saba mchana, ngozi inaungua. Kichangarawe kiatuni kinamsaga kutwa nzima. Tena misuli midogo ya mguu hulegea, vidole vikajikunja, uzito ukahamia kwenye nyayo chini ya mashina ya vidole. Hapo ndipo sugu huota, na chini ya sugu ngozi ikavilia damu na kuoza. Kinachomshtua mwenyewe ni soksi iliyolowa au harufu. Maumivu, ambayo ndiyo yangemwamsha mapema, hayapo.

Kwa hiyo hatuulizi kama mguu unauma. Tunatafuta usichokihisi.

Wengine husema, "Nilipimwa, nikasema nahisi." Inategemea ulipimwaje. Monofilamenti ya gramu 10, yaani kile kiuzi cha nailoni, kwanza iguswe mkononi ujue kinachotafutwa. Kisha ufumbe macho. Uzi usimamishwe wima juu ya ngozi, ubonyezwe mpaka upinde, usiburuzwe, uondolewe baada ya sekunde moja au mbili. Huguswa tumbo la kidole gumba na nyayo chini ya shina la kidole cha kwanza na cha tano, kamwe si juu ya sugu, kovu au kidonda. Kila mahali unaulizwa mara tatu, "Unahisi? Mguu gani?", na angalau mara moja kati ya hizo uzi haugusi kabisa. Ukijibu sawa mara mbili kati ya tatu, hisia ya kinga, yaani ile inayokuonya mguu ukiumia, ipo. Swali hilo la mtego ni la lazima, maana wazee wetu wana adabu: wakiulizwa "unahisi, mama?" watajibu "naam" hata pasipoguswa. Uzi nao huchoka. Ukishatumika kwa wagonjwa kama kumi mfululizo, upumzishwe siku nzima, la sivyo unapinda kabla ya kufika gramu 10 na matokeo yanakuwa ya uongo. Uma wa sauti wa hezi 128, yaani chuma cha meno mawili kinachotetemeka kikigongwa, uwekwe kwenye mfupa juu ya kidole gumba, maana hisia ya mtetemo nayo huweza kupotea mapema.

"Kisukari changu bado kipya." Aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka kabla ya kugunduliwa, ndiyo maana miguu hupimwa siku ile ile ya kugunduliwa. Aina ya kwanza ni baada ya miaka mitano tangu kugunduliwa. Kisha wote kila mwaka. Hisia ikishapotea, kila miezi 6 hadi 12, na aliyewahi kupata kidonda, kila mwezi 1 hadi 3.

"Sukari ya leo iko sawa." Vizuri, lakini tone la damu la asubuhi halisemi mishipa imepitia nini.

"Kila ganzi ni kisukari." Hapana. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi aangaliwe vitamini B12, maana ikipungua nayo huleta ganzi.

"Ganzi ni damu haitembei, ikandwe kwa maji moto ya chumvi." Hili liachwe kabisa. Mzunguko wa damu hupimwa kivyake, kwa kupapasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Maji moto kwa mguu usiohisi ni kuungua tu. Hata ya kuoga ayapime mtu mwenye hisia timamu.

Wanaoswali wana nafasi nzuri. Wakati wa kutawadha, panua vidole, tazama katikati, kausha kwa kitambaa. Na mara moja kwa mwezi, fumba macho, mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya kidole, polepole bila kubonyeza wala kupapasa, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Usipovihisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wiki hiyo hiyo, na ukiketi mbele ya daktari, vua viatu na soksi kabla hujaulizwa.