Njia za Kwenda Bustanini kwa Miguu na kwa Baiskeli: Dhana Potofu na Ukweli

Bustani ya umma inapojengwa, macho ya watu huelekea kwenye miti, mabembea na viti vya kukalia, ilhali anayeamua nani atafika huko ni ile barabara inayopaswa kuvukwa kabla ya kulifikia lango. Mtoto anayeishi mita 400 tu kutoka bustanini, lakini ambaye mzazi wake hathubutu kumruhusu avuke peke yake, ni sawa na asiye na bustani. Zipo imani kadhaa zinazochelewesha marekebisho ya njia hizo, na baadhi yake hushikiliwa na watu wenye nia njema kabisa.

Dhana: Ajali hutokana na uzembe wa watembea kwa miguu, hasa watoto, na wakifundishwa vyema tatizo litakwisha.

Mafunzo yana faida na hayapaswi kuachwa. Hata hivyo, kimo cha mtoto mdogo hakimwezeshi kuona ng'ambo ya gari lililoegeshwa, wala dereva hawezi kumwona yeye. Tena uwezo wa kukadiria kasi ya gari linalokuja hukomaa polepole kadiri mtoto anavyokua, na somo la darasani haliwezi kuuharakisha sana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki barabarani kila mwaka, asilimia 23 kati yao wakiwa watembea kwa miguu na asilimia 6 waendesha baiskeli. Barabara salama ni ile iliyojengwa kwa kutarajia kwamba binadamu atakosea, ili kosa lake lisimgharimu uhai. Bunge la Uswidi lilipitisha msingi huo kuwa sera ya taifa mwaka 1997.

Dhana: Kushusha kasi kutoka kilomita 50 hadi 30 kwa saa hakuleti tofauti kubwa, ila kunawachelewesha madereva.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na hesabu yake ni nyepesi. Tuchukulie kwamba dereva anahitaji sekunde moja tangu kumwona mtoto hadi kukanyaga breki. Kwa kasi ya kilomita 50, gari huwa limekwenda karibu mita 14 kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Kwa kasi ya 30, kwenye lami kavu, gari hutumia mita 8 katika sekunde hiyo na mita 5 hivi za kufunga breki, yaani limekwisha kusimama kabisa mahali ambapo lile la kwanza bado linakwenda kwa kasi yake yote. Likigonga, nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari la kilomita 50 hubeba nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Kuhusu kuchelewa, kilomita moja nzima hupitwa kwa sekunde 72 kwa kasi ya 50 na kwa sekunde 120 kwa kasi ya 30, na mjini tofauti hiyo hupungua zaidi kwa sababu muda mwingi hupotea kwenye makutano na foleni. Sioni namna ya kuzilinganisha sekunde 48 na kiungo cha mtoto.

Lazima niongeze kwamba kibao cha kasi peke yake hakitoshi. Dereva huitii barabara kuliko anavyokitii kibao: barabara pana na iliyonyooka humwalika akimbie, ilhali njia nyembamba, kona kali na kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu humlazimisha apunguze mwendo hata usiku, wakati hakuna askari.

Dhana: Daraja la juu ndilo kivuko salama kuliko vyote.

Juu ya barabara kuu ya magari ya mwendo wa kasi, daraja lina nafasi yake. Karibu na bustani, lakini, linamtaka mzee, mama mwenye kigari cha mtoto, mwendesha baiskeli na mtumiaji wa kiti cha magurudumu wapande na kushuka ili magari yasisimame. Wengi hulikwepa na kuvuka chini, mahali ambapo dereva hakutarajia kumwona mtu, kisha wanalaumiwa kwa ukaidi. Kivuko cha usawa wa barabara, chenye kisiwa cha katikati kinachomwezesha mtu kuvuka upande mmoja kwa wakati, huwafaa watu wengi zaidi.

Mstari wa rangi uliochorwa kando ya lami nao huhesabiwa kuwa njia ya baiskeli. Rangi haizuii gurudumu. Ukingo wa zege, nguzo au safu ya miti ndivyo vinavyozuia. Kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa, lakini haizuii mtu kugongwa. Na maegesho yanayosogezwa hadi langoni kwa nia ya kurahisisha kufika huongeza magari yanayorudi nyuma na kugeuka pale pale watoto wanapotokea.

Dhana: Hakuna anayepita huko kwa baiskeli, kwa hiyo njia haihitajiki.

Uholanzi hutajwa kana kwamba hali yake ya leo ilikuwapo siku zote. Kumbe baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari yalipoongezeka, safari za baiskeli zilipungua sana, na mwaka 1971 barabara za nchi hiyo ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana, mitaa ikabadilishwa, njia zikatenganishwa na magari, na baiskeli zikarudi. Kwa hiyo anayepima haja ya njia asiishie kuwahesabu wanaopita. Awaulize watoto na wazee wa mtaa ni barabara ipi wanayoikwepa, na ni mahali gani hasa pa barabara hiyo wanapopaogopa.